Kikohozi hakiishi na TB wamesema hamna: pa kutafuta na cha kumwambia daktari, kwa sisi wa Mwanza na mwambao wa ziwa

Mi nauza dawa famasi Kirumba, mwaka wa kumi na moja sasa, sio mbali na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo asubuhi nikifungua mlango harufu ya dagaa inaingia kabla ya mteja. Na mteja wa kwanza mara nyingi ni mtu wa kifua. "Dada nipe ile dawa ya kifua, ile nyekundu." Namuuliza kimeanza lini, anasema siku nyingi tu. Siku nyingi ngapi? Anafikiria, anasema tangu kabla ya Pasaka. Hapo tunaongea ni mwezi wa nane.

Huu mwongozo ni wa huyo mtu, sio wa yule aliyenyeshewa juzi akapata mafua. Kikohozi cha mtu mzima kikipita wiki nane madaktari wanakiita sugu, na kikishafika hapo swali la "dawa gani ina nguvu" halina kazi tena, swali ni kinatoka wapi. Wengi wanaokuja kwangu wameshapima TB wakaambiwa hamna, wamemeza antibayotiki mbili tatu, na kikohozi ni kilekile. Nilichokiona kwenye kaunta ni kwamba jibu mara nyingi mgonjwa analo mwenyewe, lipo kwenye kazi yake, kwenye mfuko wake wa dawa, kwenye maji anayooga, kwenye mto anaolalia, ila hakuna aliyemuuliza na yeye hakujua kama hilo nalo ni la kusema. Mi sio daktari na hapa hujitibu. Hapa unajiandaa, ukiingia chumba cha daktari uingie na kitu cha kumpa.

Hatua ya 1: hakikisha sio ya kukimbilia leo hii

Acha kusoma nenda hospitali kama unakohoa damu, kama unahema ukiwa umekaa tu au huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, kama midomo inageuka rangi ya bluu, kama kifua kimekuchoma ghafla na mguu mmoja umevimba kuliko mwingine (hiyo inaweza kuwa damu imeganda ikapanda mapafuni), au kama midomo na ulimi vinavimba. Famasi nyingi tuna kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinachosoma oksijeni, omba upimwe, ni dakika moja. Ukisoma chini ya 92 umepumzika na vidole sio vya baridi, usiondoke na chupa ya sirapu, ondoka na bajaji kwenda hospitali.

Hatua ya 2: maliza kwanza yale ya kawaida, na uyamalize vizuri

Najua kichwa kinasema TB hamna. Ila "hamna" zipo za aina nyingi. Kuna mtu alitema mate akaandikiwa hamna TB, na mate sio makohozi. Makohozi mazuri yanatoka asubuhi kabla ya kula: suuza mdomo kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu ukiwa nje au sehemu yenye hewa, alafu kohoa kutoka chini kabisa ya kifua mpaka upate kitu kizito, kama kijiko kidogo cha chai hivi. Uliza pia walipima kwa njia gani, maana darubini inakosa wagonjwa wengi ambao mashine ya GeneXpert ingewaona. Kupima TB na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali, na kikohozi cha wiki mbili tu kinatosha kukupeleka, husubiri miezi.

Pima na HIV, hata kama ulipima mwaka juzi. Mtu mwenye kinga iliyoshuka anaweza kuwa na nimonia ya fangasi ambayo kikohozi chake ni kikavu, anahema akipanda ngazi tu, na picha ya kifua inaweza isionyeshe kitu. Anaweza pia kuwa na saratani ya Kaposi ndani ya mapafu, kwa hiyo fungua mdomo mbele ya kioo uangalie kaakaa, ukiona mabaka ya zambarau sema.

Pumu nayo usiifute kwa sababu eti ulikuwa huna utotoni. Pumu inaanza ukubwani, na kuna ya kukohoa tu, bila mluzi kabisa, hasa saa tisa usiku au ukikimbia au ukicheka sana. Kipimo chake ni cha kupuliza, spairometri. Picha ya eksirei haionyeshi pumu.

Hatua ya 3: mwaga mfuko wa dawa mezani

Hapa nitakaa kidogo maana hili limenigusa nyumbani.

Baba yangu mdogo ni mtu wa Mkuyuni, mstaafu, ana presha. Kila mwezi alikuwa anakuja kwangu namfungashia enalapril. Mwezi wa tatu akaanza kuongeza sirapu ya kikohozi. Kikohozi kikavu, kinamtekenya kooni kama unywele umekwama, usiku kinamwamsha yeye na mama mdogo. Alipima TB mara mbili safi, picha ya kifua safi, akachomwa sindano kwenye zahanati fulani, hamna kitu. Miezi saba mimi mwenyewe namuwekea vitu viwili kwenye bahasha moja ya kaki na kuandika kwa mkono wangu, hii kimoja kwa siku, hii kijiko mara tatu. Siku moja naandika hivyo hivyo, kalamu ikasimama. Kimoja cha kwanza ndo kilikuwa kinaleta cha pili. Nilikisoma chuoni, nilikijibu kwenye mtihani, na kwa miezi saba sikukiona kwa mzee niliyemwamkia shikamoo kila mwezi. Nilimwambia, "Baba, rudi kwa daktari wako na hii dawa mkononi, umwambie kikohozi kimeanza baada yake." Alibadilishiwa akapewa losartan. Wiki ya tatu alianza kulala, wiki ya sita kimeisha.

Dawa za presha na za moyo ambazo jina linaishia na "-pril", yaani captopril, enalapril, lisinopril, ramipril, zinamletea kikohozi kikavu kama mtu 1 kati ya 10, wanawake zaidi. Kinachochanganya watu ni muda, maana kinaweza kuanza wiki ya kwanza au kikaanza baada ya miezi, mtu hawezi kuunganisha. Ukishabadilishiwa dawa, kikohozi kuisha kinachukua wiki moja mpaka nne, wengine hadi miezi mitatu. USIACHE MWENYEWE. Presha ikipanda bila dawa inaua haraka kuliko kikohozi. Daktari ndo anabadilisha.

Zingine za kuangalia kwenye huo mfuko: propranolol ambayo watu wanapewa kwa moyo kwenda mbio au kipandauso inaweza kubana kifua cha mwenye pumu, hata matone ya timolol ya presha ya macho yanafanya hivyo. Asipirini, diclofenac na ibuprofen kwa watu fulani wenye pumu na vinyama puani zinaleta shambulio kali. Nitrofurantoin ikitumika muda mrefu kuzuia UTI, amiodarone ya moyo, methotrexate ya viungo, hizi zinaweza kuumiza mapafu yenyewe polepole. Usipeleke majina kichwani, peleka maboksi, na za asili nazo, na ile uliyopewa na jirani.

Hatua ya 4: daftari la siku kumi na nne

Chukua daftari la shule la kawaida. Kila ukikohoa sana au kuhema andika saa ngapi, ulikuwa wapi, umekaa au umelala, umekula nini kabla, makohozi yana rangi gani. Wiki mbili, sio moja, ili ipite siku ya kazi na ya mapumziko mara mbili, na utaelewa kwa nini tukifika kwenye pamba.

Ukiona kinaanza ukilala chali na unalazimika kuongeza mto wa pili, wa tatu, au unaamka usiku umekabwa unakimbilia dirishani kutafuta hewa, fikiria moyo. Moyo ukishindwa kusukuma damu, maji yanajaa mapafuni na mwili unakohoa. Bonyeza kidole gumba mbele ya mfupa wa mguu sekunde kumi, ukiachia shimo likibaki, hayo ni maji. Nimeona wamama waliojifungua, mtoto ana mwezi, miwili, wanakohoa na miguu imevimba na watu wanasema ni uchovu wa uzazi, baridi imemwingia, wanamkanda na maji ya moto. Upo ugonjwa wa moyo kupanuka unaompata mwanamke kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba mpaka kama miezi mitano baada ya kujifungua, na unatibika ukiwahi. Tafadhali, mama mzazi anayehema akilala mpelekeni hospitali akapigwe eko ya moyo (utrasaundi ya moyo), maji ya moto baadaye. Na kuna valvu zilizoharibika tangu utotoni kwa homa ya baridi yabisi iliyotokana na madonda ya koo, hizi zinajitokeza ukubwani, mara nyingi mimba ndo inazifichua, na zinaweza kuleta damu kwenye makohozi mpaka mtu anaanzishiwa dawa za TB.

Ukiona kinakuja baada ya kula ugali umeshiba ukalala ndani ya nusu saa, au asubuhi sauti imekwaruza na mdomo una uchachu, ni asidi inapanda kutoka tumboni. Inaweza kupanda bila kiungulia kabisa, hapo ndo inapodanganya. Kula masaa matatu kabla ya kulala, inua kichwa cha kitanda kwa matofali chini ya miguu ya kitanda (mto peke yake unakukunja tumbo), jaribu hivyo wiki kadhaa na uandike.

Kingine kinachokuja ukilala ni kamasi la nyuma ya pua kushukia kooni. Huyu mtu anajisafisha koo mchana kutwa, hm, hm, na pua imeziba upande. Shida yake iko puani, kifua anakisingizia tu.

Hatua ya 5: andika kila kazi uliyowahi kufanya, hata ya miezi sita

Ukiulizwa kazi yako ukasema "biashara" umemnyima daktari nusu ya jibu. Kanda yetu hii ina kazi nyingi zinazoingia kifuani, na mtu akishahama kazi anadhani imeisha.

Nianze na mawe. Mtu amekaa Geita miaka, ameshuka maduara (mashimo ya dhahabu), amechoronga mwamba mkavu, amesimama kwenye karasha akisaga mawe ya dhahabu, ile unga nyeupe inaruka hadi huoni mwenzako. Alafu anarudi Mwanza anafungua kibanda cha chipsi na miaka mingi baadaye anaanza kukohoa na kuhema. Ile unga ina silika, madini ya mwamba, na silika ikiingia ndani kabisa ya pafu haitoki, pafu linaifungia kwa makovu, makovu yanaendelea hata kama kazi umeacha. Inaitwa silikosisi. Kawaida inachukua miaka kumi na zaidi, ila kwenye vumbi zito sana miaka michache inatosha. Kwenye picha inaonekana madoadoa upande wa juu wa mapafu, na TB nayo inapenda hukohuko juu, ndo maana mtu anatibiwa TB mara mbili, mara tatu bila mdudu kuonekana. Na kinachofanya iwe ngumu zaidi ni kwamba mwenye silikosisi kweli anapata TB kirahisi kuliko wengine, kwa hiyo vyote viwili vinaweza kuwepo na lazima kupima. Dawa ya kuyaondoa makovu haipo. Unachoweza ni kuacha vumbi, kuwahi TB, kuacha sigara.

Na usifikiri ni wa dhahabu tu. Milima yetu hii ya mawe ndo hiyohiyo silika. Kuna mama mteja wangu anaponda kokoto, amekaa chini ya mwavuli uliochanika na nyundo, akija dukani ameshanawa uso ila kope bado nyeupe. Nikimpa chenji nahisi vumbi kwenye kiganja chake. Nilimwambia amwagie mawe maji kabla ya kuponda na akae upepo unapotokea mgongoni, na kitenge mdomoni hakizuii ile unga laini, inapita. Alisema maji ya kununua ndoo nzima kumwagia mawe ni hasara. Namuelewa, ndo maana namsisitizia angalau upepo na picha ya kifua.

Pamba. Msimu ukifunguliwa Mei, viwanda vya kuchambulia pamba kanda nzima vinaanza kunguruma na vijana wanaingia vibarua. Vumbi la pamba linaleta ugonjwa wenye alama moja ya ajabu: kifua kinabana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, Jumatatu, alafu siku zinavyokwenda kinalegea. Mtu anadhani ni hangova au uvivu wa wikiendi. Mwanzo ni Jumatatu tu, ukiendelea miaka inakuwa wiki nzima na mwisho haifunguki tena. Hapa ndo lile daftari la wiki mbili linaongea.

Moshi. Wamama wanaobanika sangara na kukaanga mapanki na furu, miaka ishirini kwenye moshi wa kuni na mafuta, hawajawahi kushika sigara na mapafu yao yameziba kama ya mvutaji. Daktari akiuliza "unavuta sigara?" anajibu hapana, ukurasa unafungwa. Usiishie hapo, mwambie, "sivuti, ila nimebanika samaki tangu nikiwa binti." Hii nayo inaonekana kwa spairometri.

Samaki wenyewe. Protini ya samaki ikipaa hewani, kwenye mvuke wa kupika na kuosha viwandani au kwenye unga wa dagaa wanaosaga chakula cha kuku, inaweza kuamsha pumu kwa mtu ambaye samaki anamla bila shida yoyote. Pua inaanza, macho yanawasha, miezi baadaye kifua. Swali la kumtambua ni fupi: ukiwa likizo au umesafiri, kinapungua? Kama ndiyo, kazi ina kesi ya kujibu. Wapuliza rangi gereji, waoka mikate na mafundi wa kuchomelea nao wajiulize hilohilo. Na kama umeajiriwa rasmi uliza mwajiri kuhusu fidia ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), maana ugonjwa unaotokana na kazi nao unahesabika, sio kukatika kidole tu.

Nyumbani usisahau kuku na njiwa. Kinyesi na manyoya yao, na nafaka au majani makavu yaliyoota ukungu, vinaweza kuleta mzio wa ndani ya pafu: unasafisha banda asubuhi, mchana au jioni homa, mwili unauma, kikohozi, watu wanasema malaria. Kesho yake nafuu. Ukisafisha tena, tena. Na wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama wingu la moshi linatembea juu ya maji, mpaka unafunga mdomo ukipita, ndugu zao wa Sudani kando ya Nile walishajulikana kuleta pumu na mafua ya mzio kwa watu, kwa hiyo kama kifua chako kinakamata siku wanazojaa kwenye taa na ukutani, andika kwenye daftari, funga madirisha jioni, na ukiwafagia mwagia maji kwanza.

Hatua ya 6: ziwa na minyoo

Tunajua kichocho kama kukojoa damu. Kile cha ziwa lenyewe ni cha tumbo, kinakaa kwenye mishipa ya utumbo na ini, mkojo unaweza kuwa msafi kabisa. Kinagusa mapafu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya wageni. Mwanafunzi katoka Arusha au Dodoma, kaja Nyegezi, kaogelea ziwani wiki ya kwanza kwa furaha. Wiki mbili mpaka nane baadaye homa, mwili unawasha na vipele, kikohozi kikavu, kuharisha. Malaria hamna, taifodi "ipo kidogo" kama kawaida. Wakati huo mayai kwenye choo yanaweza yasionekane bado, ila kipimo cha damu cha FBP kikionyesha zile seli zinaitwa eosinofili zimepanda sana, na ukasema neno "niliogelea", daktari anaelewa. Praziquantel, dawa ya kichocho, haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo dozi inarudiwa baada ya wiki kadhaa, usishangae ukiambiwa rudi.

Njia ya pili ni yetu tuliokulia hapa, wavuvi, wachota maji, wafua nguo. Miaka ya kuambukizwa tena na tena inaharibu ini, bandama inavimba, na mayai yanapata njia ya kupita hadi kwenye mishipa ya mapafuni, presha ya upande wa mapafu inapanda na moyo wa kulia unachoka. Mtu anahema akipandisha mtumbwi au akipanda mlima kwake, anazimia zimia, kikohozi hata sio kikubwa. Mvuvi wa Ukerewe anayehema bila sababu apimwe choo (kipo pia kipimo cha mkojo kinachoshika kichocho hiki cha tumbo), apigwe utrasaundi ya tumbo na eko ya moyo.

Minyoo mingine: ile mikubwa ya tumbo inapita mapafuni ikiwa michanga na kukohoza wiki moja mbili kisha inaisha, hiyo sio ya kukutesa mwaka. Anayetesa miaka ni strongiloidi, mdudu mdogo anayeingia kwa ngozi ya mguu na anaweza kujizalisha ndani yako miaka na miaka. Naomba hapa unisikilize vizuri. Watu wanakuja kununua prednisolone, vile vidonge vidogo, kwa sababu jirani alipona kifua navyo. Mwenye strongiloidi akimeza hivyo vidonge kinga inashuka na minyoo inafumuka mwili mzima pamoja na mapafu, na watu wanakufa kwa hiyo. Bila cheti sikuuzii, hata ukinigombeza.

Na kama uliishi pwani, Tanga au Lindi au Mafia huko kwenye matende, ukapata kikohozi cha usiku kinachofanana na pumu na eosinofili ziko juu sana, mtajie daktari huo mji. Kuna mzio wa mapafu unaoletwa na minyoo ya matende na una dawa yake.

Hatua ya 7: kama uliwahi kuugua TB

Ulimaliza miezi sita, ukapona, ila kifua hakikurudi. TB inaacha makovu na mashimo. Njia za hewa zinaweza kutanuka na kulegea, makohozi yanakaa humo yanaoza, unatoa mengi kila asubuhi, yananuka. Au fangasi anaota ndani ya shimo la zamani kama mpira na unaanza kukohoa damu. Vyote hivi vinatafutwa kwa CT skani na kipimo cha damu cha fangasi, na vina matibabu yake, ambayo sio vidonge vya TB. Picha ya kawaida itaonyesha kovu maisha yako yote, kwa hiyo kovu peke yake sio TB mpya, na hata GeneXpert inaweza kusoma mabaki ya wadudu waliokufa kwa mtu aliyetibiwa miaka ya karibuni. Uliza kwa heshima: "Daktari, hii ni TB imerudi au ni makovu? Tunaweza kuotesha makohozi maabara tuone kama wadudu wako hai?"

Hatua ya 8: jikague mwili, dakika kumi

Kutanisha kucha za vidole viwili vya kufanana, mgongo kwa mgongo, ukiangalia kwenye mwanga. Kawaida katikati unaona kidirisha kidogo kama almasi. Kikiwa kimeziba, vidole vimevimba nchani, sema leo leo, maana pumu na kifua cha moshi peke yake havifanyi hivyo. Inaashiria njia za hewa zilizotanuka, mapafu ya makovu, saratani, au ugonjwa wa moyo. Kipimo hiki kina jina la daktari wa moyo wa Afrika Kusini, Leo Schamroth, aliyekiona kwenye vidole vyake mwenyewe alipougua.

Gusa shingo: tezi likivimba likashukia nyuma ya mfupa wa kifua linabana bomba la hewa, na mtu anakoroma akiwa macho. Tezi zingine ngumu juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, sio za kusubiri. Sikio nalo, na hili watu wanakataa: mshipa wa fahamu wa sikio na wa kikohozi ni ndugu, nta ngumu au unywele ukigusa ngoma ya sikio mtu anaweza kukohoa miezi. Ukisafisha sikio ukakohoa, onyesha sikio lako. Vidole vinavyobadilika rangi kwa baridi, ngozi kukaza, viungo kuuma, hayo ni magonjwa ya kinga kujishambulia na yanaingia mapafuni. Mwenye selimundu, na kanda hii tuko wengi, asichukulie kifua kama mafua.

Na jiulize kama kuna siku ulipaliwa vibaya. Karanga, mfupa wa samaki, kipande cha jino, ulikohoa sana alafu kikatulia. Kikohozi cha upande mmoja, nimonia inayorudi palepale kila mara, ni kitu kimekaa humo au uvimbe unaziba, na picha inaweza isikione. Kinatafutwa kwa kamera inayoingizwa kwenye njia ya hewa.

Hatua ya 9: chumbani kwa daktari

Usianze na "nakohoa". Anza na sentensi moja iliyojaa: "Nina miaka 46, nakohoa miezi mitano, kikavu, usiku zaidi, nimefanya kazi ya karasha miaka saba, natumia dawa hizi hapa, TB nimepima mara moja kwa GeneXpert hamna." Hiyo ni nusu dakika na imebeba kila kitu. Alafu daftari, alafu maboksi.

Vipimo vina mpangilio wake, na ukiujua hutapoteza hela. Kwanza makohozi, HIV, picha ya kifua na FBP ukiomba eosinofili zihesabiwe, kisha spairometri kabla na baada ya dawa ya kuvuta, kisha eko ya moyo kama kuna miguu kuvimba au mito ya kuongeza kitandani, choo kama kuna ziwa. CT na kamera vinakuja baadaye, na kwa kanda hii rufaa ya mambo hayo mara nyingi inaishia hospitali ya Bugando, kwa hiyo ukiandikiwa barua ya rufaa itoe kopi.

Wakati unasubiri majibu usinunue antibayotiki ya siku tatu (tena zile za mwisho wa jina "-floxacin" zinaituliza TB kidogo na kuificha), usinunue sirapu ya kodeini, toa jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma chumba cha kulala.

Na ile filamu ya picha ya kifua usiikunje ukaiweka chini ya godoro. Iweke bapa kati ya makatoni mawili, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye bahasha, na ukienda tena beba zote, hata ya miaka sita nyuma, maana daktari akiziinua mbili kwenye mwanga pamoja anaona kama doa lilikuwepo au limekuja juzi.